Besi kilimani, rova bondeni: redio ipi inafaa kwa upimaji wa Pemba?

Swali: "Assalaam alaykum mtaalamu. Mimi ni mpima ardhi wa kujitegemea, naishi Wete, na kazi zangu nyingi ni viwanja na mashamba ya Konde, Micheweni na Ole, na mara moja moja kisiwa cha Kojani. Nataka kununua besi na rova za RTK, vile vifaa viwili vya kupimia kwa satelaiti kwa usahihi wa sentimita. Muuzaji mmoja ananambia redio ya LoRa inafika kilomita 8. Wa pili ana redio ya UHF ya wati 2 na anasema inafika 15. Wa tatu anataka nichukue redio ya nje ya wati 35, nisahau tabu zote. Kijana ninayefanya naye kazi anasema hayo yote ya nini, laini ya simu inatosha. Nimfuate nani?"

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu mpimaji. Naanza na jibu lenyewe, kisha nitatoa sababu, kwa kuwa sababu ndizo zitakazokufaa siku atakapokuja muuzaji wa nne na namba nyengine. Nunua seti ambayo besi na rova zote zina UHF ya wati 2 ndani yake pamoja na nafasi ya laini ya simu. Fedha utakazookoa kwa kuiacha ile ya wati 35 zitie kwenye mlingoti wa mita 8, antena ya masafa yako khasa, na waya mnene wa kuziunganisha. LoRa ni teknolojia ninayoiheshimu, lakini kwa kazi uliyoitaja naiweka nafasi ya tatu.

Kabla ya kuzungumzia umbali, inafaa tujue ni mzigo gani unaopita hewani. Besi inakaa juu ya nukta inayojulikana, inazisikiliza satelaiti, na kila sekunde inairushia rova vipimo vyake katika muundo uitwao RTCM. Rova inavilinganisha na vipimo vyake yenyewe na kupata nafasi kwa usahihi wa sentimita moja au mbili. Kipokezi cha siku hizi husikia GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou kwa pamoja. Tuseme satelaiti 32 ziko juu ya upeo, kila moja inapokewa kwa ishara mbili, na besi imewekwa itume ujumbe wa aina ya MSM4, ambayo ndiyo ya kawaida kwa RTK. Hesabu inatoka karibu na baiti 600 kwa kila sekunde, yaani biti 4,700 au 4,800. Namba hiyo iandike pembeni, kwa sababu nitairejea kila ninapokuja kwenye aina mpya ya redio. Wauzaji hushindana kwa kilomita, na ni wachache wanaokwambia kuwa redio yao ikifika mbali zaidi hubeba kidogo zaidi.

Sasa tuje kwenye umbali. Katika ardhi tambarare isiyo na mti wala nyumba, upeo wa redio hupatikana kwa hesabu nyepesi: chukua mzizi wa pili wa urefu wa antena ya besi kwa mita, ujumlishe na mzizi wa pili wa urefu wa antena ya rova, kisha uzidishe kwa 4.12. Jibu ni kilomita. Besi juu ya tripodi ya mita 2 na rova juu ya fimbo ya mita 2 zinatoa kilomita 11 na nusu hivi. Kwa hivyo yule aliyekuahidi kilomita 15 ameshavuka ukingo wa dunia kabla hajafika kwenye mkarafuu wa kwanza. Huenda alizipata kweli, besi ikiwa juu ya ghorofa au kilele cha mlima, lakini hivyo sivyo utakavyofanya wewe shambani.

Hata ndani ya upeo huo mambo si mepesi. Redio inaporusha karibu na ardhi, wimbi hufika kwa njia mbili, moja ya moja kwa moja na nyengine iliyoakisiwa na ardhi, na kadiri umbali unavyoongezeka mawimbi hayo mawili huzidi kufutana. Matokeo yake ni kwamba umbali ukizidishwa mara mbili, nguvu inayoifikia rova haipungui mara 4 kama ilivyo angani, bali mara 16. Upande wa pili wa kanuni hiyohiyo ndio wenye faida kwetu: urefu wa antena ukizidishwa mara mbili, nguvu inayofika huongezeka mara 4. Ukiipandisha antena ya besi kutoka mita 2 hadi mita 8, umepata ongezeko la mara 16, na wati 2 zako zinafika kama zingelikuwa wati 32. Mlingoti umekupa takriban kile ambacho muuzaji wa tatu anataka kukuuzia kwa bei ya redio nzima. Redio ya wati 35 huweza kuvuta ampea karibu 10 kutoka kwenye betri ya volti 12 kila inaporusha, kwa hivyo utahitaji betri ya gari, na betri ya gari si kitu cha kukipakia kwenye mtumbwi wa kwenda Kojani kila wiki. Ukinunua wati 35 ukaiacha antena kwenye tripodi, umbali utaongezeka mara mbili tu kulinganisha na wati 2, na hiyo ni katika ardhi tambarare.

Pemba si tambarare, na hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Upande wa magharibi na wa kati ni vilima na mabonde yanayofuatana, mikarafuu juu, mpunga chini. Utasimama ukingoni ukaiona kontrola, ile skrini ya mkononi, imeandika fiksi, yaani nafasi imeshikwa kwa sentimita, na umri wa masahihisho (muda tangu vipimo vya mwisho vya besi) sekunde 1. Unashuka hatua kadhaa kuelekea bondeni, umri unakuwa 2, kisha 5, kisha 12, halafu neno fiksi linabadilika kuwa floti, yaani usahihi wa sentimita umepotea, nawe huoni kilichotokea kwa sababu mbingu juu yako iko wazi na satelaiti zote zipo. Kilichotokea ni kwamba kilima kimeingia baina yako na besi. Wimbi la masafa ya chini hujipinda kidogo juu ya ukingo wa kilima, na la masafa ya juu hujipinda kwa shida. Majani nayo hula sehemu yake. Kwa kanuni moja ya makadirio inayotumiwa na wahandisi wa redio, mita 100 za miti minene hupunguza desibeli 20 hivi kwenye megahetzi 433, karibu 24 kwenye 868, na zaidi ya 30 kwenye 2,400. Tofauti ya desibeli 4 inaonekana ndogo, lakini ni sawa na kupunguza nguvu ya redio mara mbili na nusu, na majani yaliyorowa mvua ya masika huzidisha hasara hiyo. Kwa sababu hizi mbili, UHF ya kati ya megahetzi 410 na 470 imebaki kuwa chombo cha wapimaji kwa miaka mingi, ingawa teknolojia yake si mpya.

Mzigo wetu wa biti 4,800 unapita vizuri kwenye UHF. Chaneli nyembamba ya kilohetzi 12.5 hubeba biti 9,600 kwa sekunde, kwa hivyo ujumbe mmoja huchukua nusu sekunde na nusu nyengine hubaki tupu. Nafasi hiyo tupu ina kazi. Bonde likikushinda, redio nyingi za UHF zinaweza kuwekwa kama kirudishaji, ambacho unakiacha juu ya ukingo wa kati kikapokea kutoka kwenye besi na kurusha tena upande wa pili kwa masafa yaleyale. Lakini hesabu vizuri: nusu sekunde ya besi na nusu sekunde ya kirudishaji zinaijaza sekunde nzima, na zikigongana unapoteza zote mbili. Ukitumia kirudishaji, ama omba chaneli ya kilohetzi 25 inayobeba biti 19,200, ama izuie besi isitume kundi moja la satelaiti, ama itume kila sekunde 2. Mimi kwa kazi ya viwanja ningechagua hilo la mwisho, kwa sababu mtu anayesimama juu ya bikoni kwa sekunde kadhaa hadhuriki na masahihisho ya sekunde 2.

Faida nyengine ya UHF haiandikwi kwenye karatasi za mauzo. Itifaki, yaani lugha za redio, kama TRIMTALK na ile ya Satel zinaeleweka na vifaa vya makampuni mengi, kwa hivyo rova ya mwenzako inaweza kuisikia besi yako siku yake imeharibika. Redio za LoRa za kampuni mbili tofauti aghlabu hazisikilizani, hata zikiwa na kipuri kilekile ndani.

LoRa ilibuniwa Grenoble, Ufaransa, na kampuni ya Cycleo, iliyonunuliwa na Semtech ya Marekani mwaka 2012. Uzuri wake ni kwamba haitumi ishara iliyotulia kwenye masafa mamoja, bali ishara inayopanda au kushuka ndani ya bendi nzima, na kipokezi kinaitambua hata ikiwa dhaifu kuliko kelele zinazoizunguka. Ndiyo maana kwa wati 0.1 tu inaweza kufanya kazi ambayo UHF ingeihitajia zaidi. Kuna ngazi sita za kawaida, SF7 hadi SF12. Kila ukipanda ngazi moja unapata desibeli 2 na nusu hivi za usikivu, na unalipa kwa takriban nusu ya kasi. Katika upana wa kilohetzi 125, SF7 hubeba biti 5,470 kwa sekunde, na SF12 hubeba chini ya 300. Sasa irejee namba uliyoiandika pembeni. Kwa SF12, ujumbe wa sekunde moja ungechukua sekunde 16 kufika, na RTK haifanyiki hivyo. Kwa hivyo rova yako haitatumia LoRa ile inayosifiwa kufika makumi ya kilomita. Itatumia SF7, pengine kwa upana wa kilohetzi 250 ili ipate nafasi ya kupumua, na huko faida ya usikivu imeshapungua sana. Zile habari za LoRa kufika mbali ni za vipima maji ya kisima au joto vinavyotuma baiti chache kila robo saa, na kwa kazi hizo sijui kitu kinachoishinda kwa bei yake.

Lipo pia jambo la kifurushi. LoRa haibebi zaidi ya baiti 255 kwa mara moja, kwa hivyo baiti 600 hukatwa vipande vitatu, na kikipotea kimoja, ujumbe uliokatikia ndani yake hutupwa wote. Shambani dalili yake ni idadi ya satelaiti zinazotumika kupanda na kushuka bila sababu inayoonekana. Ukiwa na LoRa tayari, usiitupe. Punguza kundi moja la satelaiti, weka ujumbe wa nukta ya besi utumwe kila sekunde 10 badala ya kila sekunde, na itumie ndani ya kilomita 2 au 3 zenye uwazi, kwa mfano uwanda wa mawe wa Makunduchi au Micheweni penye vichaka vifupi. Na mtu akikutajia LoRaWAN, huo ni mtandao wa vipimo vidogovidogo uliojengwa juu ya LoRa, na haukukusudiwa mkondo wa RTK.

Redio za megahetzi 902 hadi 928 zinazoruka kutoka masafa hadi masafa, ambazo huja ndani ya vifaa vilivyotumika kutoka Marekani, ziache hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Kwao bendi hiyo ni huru. Kwetu, masafa ya 880 hadi 915 ndiyo ambayo simu huzungumzia na minara, na redio ya wati moja ikiruka humo inawasumbua watu wa shehia nzima na kukuingiza wewe matatani. Bluetooth na Wi-Fi ni za kuunganisha kontrola na rova iliyo mkononi mwako, basi.

Kijana wako ana hoja nzito, na nisingependa umpuuze. Itifaki ya NTRIP, iliyotokana na kazi ya taasisi ya taifa ya ramani ya Ujerumani, BKG, na kukubaliwa rasmi mwaka 2004, hupitisha masahihisho yaleyale ya RTCM kwa intaneti, na umbali wa redio unakuwa si tatizo tena. Gharama yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Baiti 600 kwa sekunde ni megabaiti 2 na kidogo kwa saa, kwa hivyo kutwa ya saa 8 haifiki megabaiti 20 kabla ya nyongeza ya mtandao, na bando dogo kabisa linatosha. Laini za kawaida hazipewi anwani ya wazi, kwa hivyo rova haiwezi kuipigia besi moja kwa moja. Utahitaji seva ya kati, na makampuni kadhaa ya vifaa hivi huitoa bure kwa wateja wao. Faida ndogo ya mpango huo ni kwamba besi na rova zinaweza kutumia mitandao tofauti ya simu, kila moja ule unaoshika vizuri pale ilipo. Kasoro yake unaijua kuliko mimi: yako mabonde ambayo simu haishiki kitu, na bila redio siku hiyo unarudi nyumbani mikono mitupu.

Hatari kubwa ya laini ya simu, kwa maoni yangu, ni kishawishi cha kuiacha besi juu ya paa la nyumba yako Wete na kupima Pemba nzima. Redio haiwezi kukufikisha huko, simu inaweza. Kosa la RTK hukua kwa takriban milimita moja kwa kila kilomita baina ya besi na rova, na hiyo ni siku ambayo hewa ya juu imetulia. Sisi tuko nyuzi 5 hadi 6 kusini ya ikweta, katika ukanda ambao ionosfia yake, lile tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme, ni kali kuliko ya Ulaya, ambako vifaa vingi hufanyiwa majaribio. Alasiri ionosfia huwa nzito zaidi, na baada ya jua kuzama ishara za satelaiti huweza kuyumba hata fiksi ikakataa kwa saa nzima. Hali hiyo huzidi katika miaka ya kilele cha madoa ya jua, kama ilivyokuwa 2024. Kutoka Wete hadi Micheweni ni zaidi ya kilomita 10 kwa mstari ulionyooka. Ningekushauri uihamishe besi hadi kwenye nukta ya udhibiti iliyo karibu na kazi, chini ya kilomita 10 daima na chini ya 5 inapowezekana, na mipaka yenye mgogoro uipime asubuhi. Ukiishika kanuni hiyo, kilomita 15 za muuzaji hazina tena kazi kwako, kwa sababu masahihisho yenyewe hayakufai huko hata yakifika. Ile huduma ya bure ya Galileo iitwayo HAS, iliyoanza Januari 2023 na isiyohitaji besi, inalenga sentimita 20 za usawa, kwa hivyo inafaa kwa ramani ya shamba na haifai kwa kigingi cha mpaka.

Upande wa sheria, posta na simu ni jambo la Muungano, kwa hivyo masafa ya redio Unguja na Pemba yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na mamlaka hiyo ina ofisi Zanzibar. UHF ya wati 2 au 35 inahitaji kibali cha masafa, na usiamini neno la muuzaji kwamba chaneli ilizokuja nazo kutoka kiwandani ni halali hapa. Kwa LoRa pia uliza. Ulaya, ambako bendi ya 868 ni huru, sehemu kubwa ya bendi hiyo humruhusu mtumiaji kurusha kwa asilimia 1 ya muda au chini yake, ilhali besi ya RTK hurusha karibu nusu ya muda au zaidi, kwa hivyo neno "huru" lina masharti yake. Hata ukiwa na kibali, sikiliza chaneli kwa dakika kadhaa kabla ya kuwasha besi. Ukisikia sauti za watu, hama.

Kuhusu mlingoti, usiharibu faida yake kwa waya mbaya. Waya mwembamba wa RG-58 hula karibu nusu ya nguvu katika mita 10 kwa masafa haya, ilhali LMR-400 hupoteza chini ya desibeli moja. Ifungue antena fupi iliyoko kwenye besi, unganisha waya hapo, na uipeleke juu antena iliyokatwa kwa masafa ya kibali chako, kwa sababu ya 410 hadi 430 haifanyi kazi vizuri kwenye 465. Konekta zizungushie mkanda wa mpira unaojishika wenyewe. Hewa yetu ina chumvi, na rangi ya kijani ikishaonekana kwenye shaba ya ndani, redio yako itakuwa inajipigia kelele yenyewe.

Kabla hujalipa, mtake muuzaji aje na seti Pemba kwa siku moja. Wekeni besi kwenye ukingo ambao utautumia kweli, satelaiti zote zikiwa zimewashwa, kasi ya 9,600, kisha wewe uchukue rova uingie katika bonde unalolijua kuwa gumu, saa nane mchana badala ya asubuhi. Usiangalie kama fiksi imepatikana, angalia umri wa masahihisho kwa dakika 10 mfululizo. Ukibaki 1 na 2, lipa. Ukiruka hadi 5 na kurudi, pandisheni antena ya besi hadi mita 8 na mjaribu tena palepale kabla ya kuilaumu redio. Ukipita 10 hata baada ya hapo, badilisha kwenye laini ya simu bila kuondoka ulipo, uone kama bonde hilo lina mtandao, na uandike jina la mtandao ulioshika.